Mjadala: Kampuni changa ikimbilie wawekezaji wa nje, au ikue kwa pesa ya wateja?

Mzee wa Hesabu (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za Jumapili. Kila wiki nakutana na tangazo la kijana ambaye kampuni yake "imepata" dola laki kadhaa, na chini yake pongezi mia. Hakuna anayeuliza imeuza nini. Naomba leo tubishane kwa hoja.

Msimamo wangu: kampuni changa ya huku kwetu isiguse pesa ya mwekezaji wa hisa mpaka iwe na wateja wanaolipa na wanaorudi, na kila oda iwe inaacha chochote baada ya kutoa gharama ya kuifikisha.

Tazameni Nairobi. Sendy, ya usafirishaji, ilichangisha dola milioni 20 mwaka 2020; mwaka 2023 ikafunga. Copia, iliyokuwa ikipeleka bidhaa hadi vijijini, ilipata dola milioni 50 Januari 2022. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. MarketForce ilitangaza dola milioni 40 mwaka huohuo wa 2022, na mwaka 2024 ikafunga RejaReja, huduma yake ya kuuzia maduka madogo. Kune, ya chakula cha mchana, ilichangisha dola milioni 1 mwaka 2021, ikawa inauza sahani kwa dola 3, na Juni 2022 mwanzilishi wake akatangaza kwamba bei hiyo haitoshi kuiendesha.

Hawa si wajinga wala wezi. Walichofanana ni biashara yenye faida nyembamba iliyolishwa mtaji mnene. Fanya hesabu ya mfano: unampelekea mangi wa dukani mzigo wa shilingi 100,000. Sukari, unga na sabuni vinakuachia 5,000. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, na dereva vinakula 6,000. Umepoteza elfu moja. Mwenye duka la kawaida angepandisha bei au angeacha siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo elfu inatoka mfukoni mwake. Wewe mwenye milioni za mwekezaji unaambiwa ongeza magari, faida itakuja ukishakuwa mkubwa. Oda zinafika elfu kumi, na kila moja bado inapoteza elfu moja.

Halafu Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kutoka karibu sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Mwenye dola zake, akipata riba nzuri hukohuko kwao, akaona hana haja ya kuhangaika na magari ya Nairobi. Waliokuwa wamepanga mishahara kwa kutegemea awamu inayofuata ya mtaji wakaishiwa njiani.

Karibuni.

Fundi Kodi (Nairobi)

Mzee, shikamoo, lakini hapo umetuonea. Umechagua waliokufa tu, tena wote wa kubeba mizigo. Mbona hukutaja NALA? Ni ya Mtanzania mwenzako, Benjamin Fernandes. Ilipita Y Combinator, ile programu ya Marekani ya kukuza kampuni changa kwa kuzipa mtaji, na mwaka 2024 ikachangisha dola milioni 40. Kazi yake ni kutuma pesa kutoka Uingereza, Marekani na Ulaya kuja Afrika. Ili mtu akuamini na pesa zake kule, unahitaji leseni, wanasheria, wakaguzi, na pesa iliyokaa tayari kulipa upande huu kabla ile ya upande ule haijafika. Hiyo yote ungeitoa kwa mteja gani, ikiwa hujaruhusiwa hata kumhudumia?

M-Pesa yenyewe, tunayojivunia wote, ilianza hivyo. Kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, Vodafone ilipewa karibu pauni milioni 1 na serikali ya Uingereza, nayo ikaweka zake. Ilikuwa ruzuku kabisa! Wangesubiri pesa ya mama mboga, mpaka leo tungekuwa tunapakia noti kwenye bahasha na kumpa kondakta.

Na niulize: huo mtaji wa "kuanza kidogokidogo" unatoka wapi? Benki inataka hati ya shamba. Sacco inataka uwe umeweka akiba miaka na uwe na wadhamini. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya, ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 za Kenya. Elfu hamsini humlipi mtengeneza programu mzuri hata mwezi mmoja. Mtoto wa tajiri ataanza kwa pesa ya baba. Sisi wengine tukienda kwa mwekezaji, tunaambiwa tumeuza utu wetu.

Mama Jumla (Kariakoo)

Mimi sina mengi. Kampuni moja ya programu ilikuja hapa mtaani, vijana wamevaa fulana safi, wanatuuzia mafuta ya kupikia chini ya bei ya kiwandani. Nikashangaa, nikanunua. Nani hapendi cha bei rahisi? Tukanunua wote, tena wengine wakawa wanauza tena hapohapo. Punguzo lilipoisha, nikarudi kwa mtu wangu wa jumla.

Kwa nini nilirudi kwake? Ananipa mali kauli. Nachukua mzigo leo, namlipa nikishauza. Mwanangu akilazwa ananiongezea siku. Hao vijana walitaka pesa taslimu. Walidhani shida yangu ni kusafiri kwenda kununua, kumbe shida yangu ni mtaji. Wangekaa na mimi dukani wiki moja wangejua, bila hata hizo dola.

Mwanasheria Mdogo (Arusha)

Mama Jumla amemaliza upande wa soko. Mimi niguse karatasi, maana ndiko vijana wanakoumia bila kelele.

Anayeingia Y Combinator leo hupewa dola 500,000. Kati ya hizo, 125,000 ni kwa asilimia 7 ya kampuni, na 375,000 zilizobaki zinakuja kwa SAFE, yaani mkataba wa kupewa hisa baadaye, kwa masharti ya awamu itakayofuata. SAFE waliibuni wao wenyewe mwaka 2013 na leo inatumika kila mahali. Kwa kuwa haina riba wala tarehe ya kulipa, kijana anaisaini kama risiti. Anasaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, na siku awamu kubwa inapokuja zote zinageuka hisa kwa mkupuo. Nimeona mwanzilishi akijikuta na sehemu ndogo kuliko aliyoamini anayo, na hakuna aliyemdanganya.

Jingine ni haki ya mwekezaji kulipwa kwanza. Tuseme ameweka dola milioni 2 kwa asilimia 20. Mambo hayakwenda vizuri sana, kampuni inauzwa kwa milioni 3. Waanzilishi wanapiga asilimia 80 yao, wanaona milioni 2.4. Hapana. Mwekezaji anachukua milioni 2 zake kwanza, nyinyi mnagawana milioni 1. Hilo si uonevu, ni kifungu cha kawaida kabisa. Kisome kabla ya kupiga picha ya kupeana mikono.

Na kuna shilingi. Januari 2022 dola moja Kenya ilikuwa karibu shilingi 113. Januari 2024 ikagusa 160. Kampuni iliyokuza mauzo yake ya shilingi kwa asilimia 40 katika miaka hiyo miwili, kwenye vitabu vya mwekezaji wa dola haikukua kabisa. Wafanyakazi wamejituma, wateja wameongezeka, na kwenye kikao cha bodi bado unaulizwa kwa nini umelala. Hili silisikii likizungumzwa, na kwangu ni zito kuliko asilimia za hisa.

Kijana wa Buguruni

Mnasahau mikopo ya halmashauri zetu Tanzania, ile ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba. Tatizo ni kwamba vijana tunaipata kwa vikundi, na ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Kampuni haiwezi kupanga bajeti juu ya hiyo.

Mzee wa Hesabu

Fundi Kodi, marahaba. Hoja ya leseni naikubali: biashara ambayo sheria inakuzuia kumgusa mteja kabla hujatumia pesa nyingi, hiyo itafute mtaji, haina njia nyingine. Sikuwa nawasema hao.

Ila M-Pesa usiniletee kirahisi hivyo. Ile ruzuku iliwekwa juu ya Safaricom, kampuni iliyokuwa tayari na mamilioni ya wateja na mtandao wa wauzaji wa vocha nchi nzima. Na kila mtu akituma pesa, anakatwa. Mtumaji anayefikisha idadi ya watumaji milioni moja hagharimu kama yule wa kwanza, kwa sababu mtambo ni uleule. Kirikuu hakina tabia hiyo: oda inayofikisha idadi ya elfu kumi inahitaji mafuta, dereva na tairi sawasawa na oda ya kwanza. Kwangu swali ni hilo, biashara yako ikikua gharama ya kila oda inashuka au inabaki palepale? Inayoshuka, tafuta mwekezaji hata leo. Inayobaki palepale, pesa yake itakuongezea hasara tu.

Fundi Kodi

Hapo tumekaribiana, lakini si sana. Wewe unadhani mtu anajua jibu la hilo swali siku ya kwanza. Copia walikuwa na sababu ya kuamini kwamba wakijaza gari moja kwa njia moja, gharama ya kila oda itashuka. Njia ya kujua ni kujaribu, na kujaribu kuna gharama. Bora pesa hiyo ipotee ya mwekezaji aliyezoea kupoteza kuliko kiinua mgongo cha baba yangu.

Mkaushaji (Kigoma)

Samahani kuingilia. Mimi natengeneza vikaushio vya dagaa vya jua. Wateja ninao, wanalipa, na oda zinanizidi kwa sababu sina mashine ya kukunjia bati. Kuna mtu Dar anataka asilimia 20 kwa milioni 30. Nichukue?

Mwanasheria Mdogo

Amesema kampuni yako ina thamani ya milioni 150 baada ya kuweka pesa yake. Muulize zinaingia zote au kwa awamu, na kama anataka haki ya kupinga maamuzi yako. Na kabla ya kumjibu, ulizia mkopo wa mashine, ule ambao mashine yenyewe ndiyo dhamana. Mashine hiyo bei gani, na oda zilizo mkononi zingeilipa kwa miezi mingapi? Tuwekee hizo namba hapa.

Mama Jumla

Na dagaa wa Kigoma unaleta Kariakoo? Nitafute.