Kipimo cha damu kinaweza kueleza kama uvimbe wa ubongo umerudi?

Muulizaji
Habari zenu wanajukwaa. Kaka yangu alifanyiwa upasuaji wa glioblastoma, akamaliza mionzi mwezi uliopita, na sasa picha ya MRI inaonyesha eneo linalong'aa palepale alipopasuliwa. Madaktari wanasema huenda uvimbe umerudi, huenda pia ni athari ya mionzi tu, hivyo tusubiri picha nyingine. Kwa kuwa saratani nyingine hufuatiliwa kwa damu, naomba kuelimishwa: hakuna kipimo cha damu kitakachotutegulia kitendawili hiki, ili asifunguliwe fuvu tena bure? Nimeona protini iitwayo GFAP ikitajwatajwa.

Mtu wa Maabara
Pole kwa kuuguza, ndugu. Kwa glioma, yaani kundi la uvimbe wa ubongo ambalo glioblastoma ya kaka yako imo, bado hakuna kipimo cha damu kinachoweza kushika nafasi ya MRI au ya kinyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe wenyewe. Seli za saratani zinapokufa huachia vipande vya DNA, lakini kuta za mishipa midogo ya ubongoni zimebanana kiasi kwamba vichache mno hupenya hadi kwenye damu. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, vipande hivyo vilionekana kwa wagonjwa wasiofikia asilimia 10 ya wenye glioma, ilhali kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa vilionekana kwa walio wengi. Hata vikipenya havidumu, kwani nusu yake hutoweka ndani ya saa mbili hivi. Tena damu ikicheleweshwa kwenye kichupa cha kawaida kabla ya kutenganishwa, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga DNA yake nzima, na kile kidogo tulichokuwa tunakitafuta kinamezwa humo.

Kuhusu GFAP, hiyo ni protini ya seli zinazotegemeza neva, na kweli hupanda kwa wengi wenye glioblastoma. Shida ni kwamba hupanda pia ubongo unapojeruhiwa kwa namna yoyote; Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kipimo kinachoitumia, pamoja na protini nyingine, kusaidia kuamua kama aliyegongwa kichwani anahitaji picha ya CT. Kwa kichwa kilichopasuliwa na kupigwa mionzi karibuni, sioni namba hiyo ingekuambia nini.

Muuguzi wa Neva
Naongeza jambo moja, kwa sababu wasomaji wengine wanaweza kudhani damu haina kazi kwa uvimbe wowote wa kichwani. Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, unaozalisha homoni ya prolaktini hutambuliwa kwa kupima homoni hiyo, na mara nyingi husinyaa kwa vidonge bila kisu. Vilevile baadhi ya uvimbe unaotokana na seli za uzazi, ambao huwapata zaidi watoto na vijana, humwaga protini ya AFP au homoni ya hCG, na viwango vikiwa juu kwenye damu au kwenye majimaji ya uti wa mgongo, matibabu yanaweza kuanza bila kuchukua kinyama. Majimaji hayo hubeba DNA ya glioma zaidi kuliko damu, lakini shinikizo likiwa kubwa ndani ya fuvu, kuchoma sindano mgongoni ni hatari, kwa hiyo msidai kipimo hicho bila ushauri.

Kwa kaka yako, mwangaza wa namna hiyo unaoletwa na mionzi tu hutokea sana ndani ya miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi, hasa kwa wale ambao jeni ya MGMT, inayosaidia seli kurekebisha DNA iliyoharibika, imezimwa kwenye uvimbe wao. Majibu ya jeni hiyo hutokana na kinyama cha upasuaji wa kwanza. Yatafuteni, kisha mwulizeni daktari kama MRI ya kupima mtiririko wa damu inaweza kufanyika.

Muulizaji
Nashukuru sana, dada. Nimefungua bahasha ya majibu ya mwanzo, na ukurasa wa pili umeandikwa kwamba MGMT imezimwa. Hakuna aliyewahi kutueleza maana ya mstari huo. Nitakwenda nayo kliniki.