Bodi imeuzwa kama ya USB OTG, butiloda yake (programu inayoiwasha) imenyimwa uwezo huo. Muuzaji anatudanganya!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, sasa basi.

Nilinunua bodi 30 (kompyuta ndogo) zenye chipu ya Allwinner H3 kwa ajili ya mashine za kutotolesha vifaranga. Tangazo lilisema wazi: eMMC (hifadhi iliyounganishwa kwenye bodi) ya GB 8, tundu la USB OTG. OTG maana yake tundu lilelile liweze kuwa mwenyeji, unachomeka flashi au kibodi, na liweze pia kuwa kifaa, ukilichomeka kwenye leptopu bodi ionekane kama diski. Mimi nilifuata hilo la pili. Bodi zimefungwa ndani ya maboksi, skrubu nne na mpira wa kuzuia maji. Kilichobaki nje ni tundu la USB na nyaya tatu za siriali. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nasimamisha U-Boot (ndiyo butiloda yenyewe), naandika `ums 0 mmc 1`, eMMC inatokea kwenye leptopu, namwaga mfumo mpya, nahamia boksi linalofuata.

Nikaandika. Ikanijibu `Unknown command 'ums'`. Fastboot, njia nyingine ya kuandika eMMC kupitia USB, nayo haimo. Nikaandika `usb start` waya ukiwa kwenye leptopu, ikatoka `A charger is plugged into the OTG`. Leptopu yangu inaitwa chaja! Nikafungua kodi (msimbo) ya U-Boot: ujumbe huo hutoka pale kidhibiti cha MUSB, kinachoendesha tundu hilo la USB, kilipokompailiwa kama mwenyeji, kikakuta volti 5 zinaingia kutoka nje, kikagoma. Yaani waliweka CONFIG_USB_MUSB_HOST, CONFIG_USB_MUSB_GADGET wakaiacha, na CONFIG_CMD_USB_MASS_STORAGE hawakuigusa kabisa.

Nikamwandikia muuzaji. Akasema tundu hilo kwa maumbile yake haliwezi kuwa kifaa. Uongo! Nilifungua boksi moja, nikabonyeza kitufe cha FEL (hali ya chipu ya kupakiwa programu kupitia USB) wakati wa kuwasha, na `lsusb`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, ikaonyesha namba 1f3a:efe8. Hiyo ni ROM ya chipu yenyewe, programu iliyowekwa humo kiwandani, inaongea na leptopu kupitia tundu hilohilo, ikiwa kifaa. Waya ni uleule, tundu ni lilelile. Kilichokosekana ni mistari michache kwenye usanidi wao.

Basi nikaomba kodi waliyotumia pamoja na faili la usanidi, .config. Kimya. Nikaandika tena, nikaambiwa ni siri ya kampuni. Siri ipi? U-Boot iko chini ya leseni ya programu huria ya GPL, toleo la 2. Kifungu cha 3 kinasema anayesambaza programu iliyokompailiwa lazima atoe kodi yake yote, pamoja na skripti za kusimamia ukompailishaji na usakinishaji. Kazi ya bure ya watu wa dunia nzima umeichukua, umeiweka kwenye bidhaa unayouza, halafu mteja akidai haki yake unamwambia siri?

Nikajikompailia mwenyewe. Nilianza na `orangepi_plus_defconfig`, usanidi wa bodi ya Orange Pi Plus, nikawasha hizo mbili walizoziacha pamoja na CONFIG_USB_GADGET, nikaipakia kwa `sunxi-fel`, programu ya leptopu inayotumia FEL, bila kugusa eMMC. Nikaandika amri ileile ya `ums`. Safari hii `lsusb` ikatoa 1f3a:1010, na diski ya GB 8 ikajitokeza kwenye leptopu. Usiku mmoja tu! Kitu walichosema hakiwezekani.

Lakini sijapona. Usanidi huo ni wa bodi nyingine, na saa ya RAM (kasi yake) si ya bodi hii. Kati ya bodi 5 nilizofungua, 2 ziliganda baada ya muda. Nikashusha CONFIG_DRAM_CLK, yaani hiyo saa, hadi MHz 480, hadi sasa zimetulia, ila huko ni kubahatisha, na mimi sibahatishi kwenye mashine inayolinda mayai ya mtu siku 21. Ikiganda usiku joto likapanda, ni hasara ya mfugaji, si ya muuzaji aliyekalia namba moja ndani ya faili la maandishi.

Leo nimemtumia barua ya tatu, nimemnukulia kifungu chenyewe neno kwa neno.

Kama kuna mkuu humu mwenye bodi ya H3, RAM GB 1, eMMC GB 8, tundu la OTG likiwa upande mmoja na kitufe cha FEL, na amepata DRAM_CLK iliyokaa imara, naomba aiweke hapa pamoja na volti ya RAM aliyotumia. Maboksi 25 bado yamefungwa, na mteja anatia mayai Jumatatu.