Picha za zamani za mtaa, majengo hayapo tena, nitajuaje yalikuwa wapi?

Wakuu habari zenu, nina bahasha ya picha za mtaa wetu wa nje ya mji, zimo sinema na kituo cha treni, vyote vilishabomolewa, nyuma hazijaandikwa kitu. Naanzia wapi?

Jibu: Mkuu usianze na jengo, anza na kilichobaki. Tafuta kona ya barabara, kilima, mnara, vitu hivyo havihami, halafu nenda na picha mkononi usogee mbele na nyuma mpaka paa la zamani likae sawa na kile kilicho nyuma yake, hapo ndo mpiga picha alisimama.

Jibu: Naongezea, cheki kwanza kama maandishi ya mabango yanasomeka sawa, maana negativu (ile filamu yenyewe iliyotoa picha) ikiskaniwa kinyume kulia inakuwa kushoto na utazunguka mtaa bure 😅 Picha nyingi za miaka ya 1960 zina mwezi na mwaka kwenye ule ukingo mweupe, ila hiyo ni tarehe ya kusafishwa, filamu ingeweza kukaa kwenye kamera muda mrefu tu.

Jibu: Skani kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) ndo uzoom. Nyuma andika kwa penseli laini, wino unapenya.

Jibu: Wazee usiwaulize "hili jengo gani", waulize mkono wa kushoto wa sinema kulikuwa na nini. Wakianza kubishana we washa rekoda unyamaze.