Basilika ya Mt. Petro mwisho wa Juni bila kampuni ya utalii: alfajiri, jioni au kulipia muda mtandaoni?

binti_wa_Songea
Habari zenu wapendwa. Nina mama yangu ana miaka 71, WAWATA (umoja wa akina mama Wakatoliki Tanzania) wa siku nyingi, viza tumepata na mwisho wa Juni tunashuka Roma siku nne tu tukitokea kwa dada yangu Stuttgart. Mama anachotaka ni kimoja, kusali kwenye kaburi la Yohane Paulo wa Pili, maana Septemba 1990 Papa alipokuja Songea na yeye alikuwa kwenye ule umati na kitenge alichovaa siku ile bado kipo kabatini mpaka leo. Kampuni sitaki, bei zao nimeziona nikachoka. Shida ni goti lake la kushoto, kusimama juani masaa mawili hawezi kabisa. Nimebaki na njia tatu, kuwahi asubuhi sana, kwenda jioni, au ile ya kulipia mtandaoni unapangiwa muda. Waliofika naombeni uzoefu.

msomi_Gianicolo
Dada karibu sana, shikamoo kwa mama. Mimi nipo hapa mwaka wa tatu nasoma. La kwanza ujue kuingia basilika ni BURE, hamna tiketi, ile foleni unayoiona kwenye picha ni ya ukaguzi wa mashine tu kama airport. Milango inafunguliwa saa 1 asubuhi. Mkifika muda huo mnatembea tu, ikifika saa 3 au saa 4 foleni imeshazunguka uwanja mzima na pale katikati hakuna kivuli, kivuli ni chini ya zile nguzo za pembeni basi. Ukiwa unaitazama basilika foleni inaanzia kwenye nguzo za mkono wa kulia.
Ila angalia siku kuliko hata saa. Jumatano asubuhi kuna katekesi ya Baba Mtakatifu, ikifanyika uwanjani basilika haifunguliwi kwa wageni mpaka imalizike. Jumapili saa 6 mchana kuna sala ya Malaika wa Bwana, watu wanafurika. Halafu wewe umesema mwisho wa Juni, tarehe 29 ni sikukuu ya Petro na Paulo, Roma nzima ni mapumziko na kuna misa ya Papa, siku hiyo msiihesabu kwa mambo ya kutembelea.

Kariakoo_hadi_Milano
Mimi natofautiana kidogo na msomi. Nilienda Julai nikaingia saa 10 na nusu jioni, foleni ilikuwepo ila inatembea, wenye mabasi makubwa walishaondoka. Na saa 11 jioni nikapata misa kule mbele kabisa, kwenye Altare ya Kiti cha Petro, chini ya lile dirisha la njano lenye njiwa, jua la jioni linapita pale unaona kama dirisha lenyewe linawaka. Sijawahi kusahau. Kwa mtu wa sala kama mama yako jioni ina uzito wake.
Kasoro nitasema ukweli, joto. Yale mawe ya uwanjani yamekula jua mchana kutwa, miguu inaungua mpaka unahisi kwenye soli. Na ukichelewa walinzi wanaanza kusukuma watu watoke, unasali roho iko juu.

Naliaka_Berlin
Hiyo ya kulipia mimi nimefanya so nikuambie. Ya basilika wenyewe kupitia tovuti yao haina shida, unapata muda wako na maelezo ya kusikiliza kwa simu. Lakini ukaguzi unapita tu kama wengine, hiyo haikwepeki hata ulipe pesa ngapi. Na kusema kweli mama yako hahitaji kuelezwa habari za nguzo na marumaru, yeye anataka kusali, sasa pesa ya nini?
Chunga sana tovuti zingine zinazouza "kuruka foleni". Mara ya kwanza nilinunua huko kwa watu wa kati, nikafika nikakuta nilichonunua ni link ya sauti tu, foleni nikasimama kama kila mtu, nililia siku hiyo. Halafu kuna vijana wamevaa vitambulisho shingoni kuanzia pale Ottaviano ukitoka metro, watakuambia foleni leo ni masaa matatu njoo na sisi. Usisimame, tembea tu.

bukavu_bxl
Jambo ndugu. Mimi niliendaka na mama yangu, yeye pia magoti. Tuliomba kiti cha magurudumu kwa wenye hoteli, na pale mlangoni walinzi walipoona kiti walitupitisha pembeni, hatukusimama. Mama alikuwa anakataa, anasema mimi si mgonjwa, nikamwambia mama kiti ni cha foleni tu, ndani utatembea. Alitembea vizuri.

binti_wa_Songea
Asanteni jamani. Mama na kiti tutagombana lakini nitajaribu. Kaburi lenyewe lipo wapi? Mwenzangu mmoja wa parokiani kaniambia ni chini, unashuka ngazi.

msomi_Gianicolo
Hapana dada, hapo ndipo wengi wanapopotea. Zamani alizikwa chini kwenye makaburi ya mapapa ila 2011 alipotangazwa mwenye heri walimpandisha juu. Sasa yuko ndani ya basilika yenyewe, Kapela ya Mt. Sebastiani. Ukiingia shika mkono wa kulia, kapela ya kwanza ni Pietà ya Michelangelo, ile sanamu ya Bikira Maria amempakata Yesu, iko nyuma ya kioo tangu mtu alipoishambulia kwa nyundo 1972, watu wamejazana pale na simu juu. Pita, inayofuata ndiyo yenyewe. Ngazi hata moja hashuki. Na inayofuatia tena ni ya Sakramenti Kuu, pazia limefungwa, hakuna picha hakuna maongezi, mama akichoka akae humo hata nusu saa hakuna atakayemgusa.
Mwambie pia mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu humohumo, 18 Oktoba 1964, na Paulo wa Sita. Wazee wetu wanafurahi sana kusikia hilo wakiwa ndani.
Mabega na magoti yafunikwe, khanga moja kwenye mkoba inatosha. Kisu cha kumenyea matunda acheni hotelini. Chupa tupu bebeni, maji ya mabomba ya barabarani Roma ni safi na bure.

Kariakoo_hadi_Milano
Kuba msahau kabisa. Ngazi 551, na ukichukua lifti inakuacha kwenye paa halafu 320 bado zinakusubiri, kule juu njia nyembamba ukuta umeinama. Na mkipanda basi namba 64 kutoka Termini, stesheni kuu ya treni, mkoba uwe kifuani, wezi wanalijua hilo basi kuliko dereva.

binti_wa_Songea
Mrejesho wapendwa. Tulikwenda Alhamisi, saa 1 kamili tupo uwanjani. Kiti alikataa katakata lakini foleni ilikuwa dakika 15 hivi akaegemea nguzo. Kaburi tulilipata palepale mliposema. Kupiga magoti hakuweza, alishika kile kizuizi cha mbele akasoma yale maandishi ya Kilatini herufi moja moja, I, O, A, N… akageuka akaniambia "ni yeye". Akatoa rozari akasali yote matendo matano amesimama, mimi nilichoka yeye hakuchoka. Tulitoka saa 3 na nusu, foleni imezunguka uwanja wote kama alivyosema msomi. Kwa mwenye mzazi mimi nasema asubuhi, wala usifikirie mara mbili.

bukavu_bxl
Mungu asifiwe. Na kwenye kaburi la Papa Fransisko mlifika?

binti_wa_Songea
Tulifika kesho yake, lipo kanisa la Santa Maria Maggiore, kutoka Termini ni kutembea kidogo tu. Watu wapo wengi pia. Jiwe limeandikwa FRANCISCUS basi, hamna kingine. Mama aliuliza mbona hawajamalizia kuandika, nikamwambia mwenyewe ndivyo alivyoomba.