Naomba ushauri: amplifaya ya stereo au risiva ya chaneli 7?

Wakuu, habari zenu. Nina spika mbili za kuweka juu ya rafu, ukinzani omu 6, unyeti (ukubwa wa sauti kwa nguvu inayopewa) desibeli 87, na sasa natafuta mashine ya kuziendesha. Kwangu muziki ndio kwanza. Filamu ni za wikendi tu.

Risiva (amplifaya ya sinema ya nyumbani, hii ya chaneli 7 huendesha spika hadi saba) inanivutia kwa sababu ina redio, HDMI ya kuunganisha televisheni, na nafasi ya kuongeza subwoofer (spika ya besi) na spika za nyuma baadaye. Ila zile wati 100 wanazoandika kwenye boksi mara nyingi hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Zikiwaka zote saba, nguvu inashuka. Halafu HDMI hupitwa na wakati haraka, wakati amplifaya nzuri ya stereo inaweza kuzeeka na mwenyewe.

Wati zenyewe sizihangaikii sana, maana kutoka 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu.

Waliowahi kutumia zote mbili: kwa spika mbili, tofauti ya sauti inasikika kweli? Na amplifaya yenye HDMI ARC (inayopokea sauti ya televisheni kupitia waya wa HDMI) inatosha kwa televisheni, au nitajuta kutochukua risiva?