Sodiamu ya mashine ya dayalisisi ikiwekwa 142: kiu, presha na homoni

Sista_Kisauni: Salaam wakuu. Mgonjwa ana uzani mkavu (bila maji ya ziada) wa kilo 60, hapati mkojo, sodiamu ya damu kabla ya dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) huwa milimoli 135 kwa lita. Sodiamu ya maji ya mashine twaiweka 142 ili presha isimwangukie kitandani. Kila mara arudi na kilo 4 za maji, presha 180. Homoni gani zachochewa, na kuna haja ya kuzipima?

Figo_Pwani: Hapo mwamtia chumvi, sista. Sodiamu huvuka kutoka 142 kwenda 135, naye huondoka damu imekolea. Ubongo huhisi hata ongezeko la asilimia 1 au 2, humwaga homoni ya vasopresini na kuwasha kiu. Vasopresini huziamuru figo zizuie maji. Za huyu hazisikii tena, basi yabaki kiu, na kwa joto la Mombasa hashindani nayo.

Renini na aldosteroni, homoni za presha na chumvi, msikimbilie kuzipima. Kuvuta maji kwa mashine hupandisha renini, lakini potasiamu ikishuka aldosteroni nayo huelekea kushuka. Na akiwa atumia dawa za presha kama enalaprili, losartani au atenololi, majibu yatapinda. Pesa za vipimo hivyo afadhali zilipie muda zaidi mashineni.

Fundi_Dayalisisi: Naam, muda. Lita 4 kwa saa 4 kwa mtu wa kilo 60 ni karibu mililita 17 kwa kilo kwa saa. Kikomo kinachopendekezwa ni 13. Ndipo presha yaangukia hapo, nanyi mwaongeza sodiamu, kiu yazidi, arudi na maji mengi zaidi. Mwombeni daktari aongeze muda uwe wa saa 5 mashineni, sodiamu ishuke 140, kisha 138 baada ya wiki kadhaa. Mkiteremsha ghafla, misuli itakakamaa na kichwa kitamuuma.

Namba ya skrini pia si ya kuapia. Mashine hukisia sodiamu kwa upitishaji umeme wa maji yake, 14.0 kwenye skrini ikiwa kama sodiamu 140. Pelekeni maabara sampuli ya maji yanayoingia kwenye chujio. Mashine nyingi zikishusha sodiamu hupunguza konsentreti ya asidi (dawa nzito yenye madini inayochanganywa na maji), kwa hiyo potasiamu na kalsiamu nazo zashuka kidogo.

Sista_Kisauni: Shukran. Na chumvi ya maji ya kisima chetu?

Fundi_Dayalisisi: Mtambo wa kuchuja ukiwa mzima, haifiki kwa mgonjwa. Muulizeni ng'onda, achari na krispi za muhogo: gramu 8 za chumvi hudai lita nzima ya maji.