Tupeane uzoefu: siku moja kisiwani huku meli ikisubiri nje

Mtoto wa Masoko:
Habari za jioni wakuu. Leo asubuhi meli nyeupe ya kitalii imetia nanga hapa nje, Kilwa Masoko. Tangu nilipoziona zile boti za mpira zikikimbilia Kilwa Kisiwani, mambo mengi yamenirudia. Humu najua tuna manahodha, waongoza watalii, akina mama wanaosuka ukili wa mikeka, na wapo waliofanya kazi kwenye meli zenyewe. Tupeane uzoefu: mgeni ameshuka asubuhi na jioni anatakiwa awe ameshaondoka. Siku hiyo inakuwaje, kwake na kwetu?

Mimi huwa nawatembeza Kisiwani, na kinachoniuma ni haraka. Mtu amevuka bahari kuja kuona mji ambao msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia uzuri wake, halafu anapewa saa mbili tu. Gereza, yaani ile ngome ya zamani, picha. Msikiti Mkuu, picha. Makutani, lile jumba la kifalme, wanapita tu. Husuni Kubwa, kasri la sultani, wengi hawafiki kabisa kwa sababu ni mwendo na jua limeshakuwa kali. Na Husuni ndiyo yenyewe! Vyumba zaidi ya mia moja, birika la kuogea la pembe nane, yote yamejengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya jabali linaloitazama bahari. Ni kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikipita hapa. Wenye kampuni mkisoma hapa nawaomba: anzeni Husuni jua likiwa chini, mmalizie Gerezani ambako boti iko karibu.

Korosho Nyeupe:
Nakazia. Husuni kwanza.

Ngongo Asilia:
Mimi napinga. Wageni wa meli wengi ni watu wazima, magoti hayana nguvu. Ukiwapeleka Husuni asubuhi wakachoka, Msikiti Mkuu hawauoni tena. Na ule msikiti sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11. Huo ndio usikosekane.

Binti Mikindani:
Umenigusa kaka. Mimi nilifanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye meli ya aina hiyo, tukizunguka visiwa vya Bahari ya Hindi. Watu wanadhani mfanyakazi wa meli anazurura. Siku ya kisiwa, abiria wakishashuka ndipo sisi tunaingia vyumbani. Ukimaliza, na kama hujapangiwa zamu ya kubaki kwa ajili ya usalama (maana meli haiachwi tupu hata ikiwa imetia nanga), basi unapata saa zako chache, na unatakiwa urudi mapema kuliko abiria.

Siku ambayo sitaisahau ni La Digue, Shelisheli. Kisiwa kidogo, watu wengi wanatembea kwa baiskeli, mawe makubwa ya matale yamelala ufukweni. Wenzangu walikimbilia kupiga picha. Mimi nilifuata harufu ya nazi inayochemka. Mama mmoja alikuwa anauza ndizi zilizopikwa kwa tui na sukari, wao wanaita ladob, ndani yake kuna kungumanga na vanila. Nikala nimesimama. Ilikuwa ndizi ya nazi ya bibi yangu pale Mikindani, tofauti ni vanila tu. Sikujua Krioli, naye hakujua Kiswahili, lakini aliniona ninavyokula akaniongezea na hakuchukua hela ya pili. Saa zangu zote ziliishia kwenye benchi lake na sikujuta hata kidogo.

Ushauri kwa yeyote atakayepata kazi huko au atakayesafiri: FUATA SAA YA MELI. Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja. Simu inajibadilisha yenyewe ukikaribia nchi kavu, lakini meli inaweza kuwa haijabadilisha. Niliona mgeni akikimbia gatini viatu mkononi kwa sababu ya hilo.

Korosho Nyeupe:
Na kwa Wamatumbi na Wangindo wa huku ongeza hili: mgeni akiambiwa "saa kumi" na nahodha wetu, kwake ni saa nne yetu! Mimi huwa naonyesha kwa mkono jua litakuwa wapi.

Ngongo Asilia:
Saa imeshaeleweka na kila mtu miaka mingi, usiwafanye watu wa kusini waonekane washamba.

Korosho Nyeupe:
Nani kasema washamba? Nimesema onyesha jua.

Shangani Mtwara:
Naomba niulize bila ugomvi. Kwa nini meli hizi haziji Mtwara? Bandari yetu ina kina cha asili, gati lipo, mgeni anashuka kwa ngazi bila kurukia boti ya mpira. Mikindani ni karibu, Livingstone alianzia pale mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara, Boma la Wajerumani la 1895 bado limesimama. Msimbati kuna ufukwe mrefu ndani ya hifadhi ya bahari. Kila siku Kilwa, Kilwa.

Mtoto wa Masoko:
Kaka, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Mgeni anakuja na jina hilo kichwani. Mtwara mkaribishe kwa jina lenu, sisi hatukuzuieni.

Shangani Mtwara:
Jina bila gati.

Mzee wa Kusi:
Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma habari za saa nikaona nieleze, maana saa ninayoijua mimi ni ya maji.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Kampuni moja, siitaji, ilikodi mashua mbili Masoko kupeleka wageni wa meli Songo Mnara. Mimi nilikuwa nahodha wa moja. Mtoto yeyote wa pwani hii anajua kwamba bamvua maji yetu yanakupwa saa nne, saa tano za asubuhi, na Songo Mnara maji yakitoka unabaki na tope na mikoko hadi mbali. Nilimwambia kiongozi wao kabla hatujang'oa nanga: tunashusha, wanatazama, saa tatu tuko majini. Akakubali. Kufika kule wageni wakapenda. Ni haki yao kupenda, mji ule una kuta, makaburi na misikiti iliyotulia porini bila kelele. Yule kiongozi akaongeza nusu saa. Kisha nyingine. Mimi napiga kelele ufukweni, yeye ananiambia meli ni yao, itasubiri.

Tukapwelewa. Mashua zote mbili zimelala ubavu kwenye tope, na abiria wanatakiwa melini saa saba mchana. Maji hayarudi kwa sababu mtu ana ratiba. Nikasema tukae chini ya miti, tusubiri maji yajae, tutachelewa lakini tutafika salama. Yeye akawaamuru watembee hadi kwenye mkondo ambako kuna mitumbwi ya wavuvi. Watu wazima wale, kwenye tope, maji ya magoti!

Mama mmoja wa Kiingereza, umri wake kama wa dada yangu mkubwa, akakanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Nilisikia mlio wake nikajua kabla sijafika. Mguu ulivimba papo hapo, uso umekuwa mweupe, anatetemeka. Kijana mmoja akasema akojolewe, nikamfukuza. Tukamrudisha nchi kavu, akina mama wa kijijini walikuwa na sufuria ya chai jikoni, wakamwaga ile chai, wakachemsha maji. Tukauzamisha mguu kwenye maji ya moto, nikitia mkono wangu kwanza nisimuunguze. Tukabadilisha maji kila yalipopoa. Baada ya muda akafumbua macho, akamshika mkono mama aliyekuwa anachochea kuni, hakuuachia. Lugha hawana, wameshikana tu.

Kisha tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, vijana sita wakakibeba mabegani kupita mikokoni hadi mkondoni. Boti ya meli ilikuwa imeshaitwa kwa redio, ikampokea pale na daktari wao.

Korosho Nyeupe:
Duh. Mzee endelea, alipona?

Salama Nachingwea:
Jamani nimesisimka. Meli ilisubiri?

Mzee wa Kusi:
Ilisubiri. Safari iliyopangwa na meli yenyewe ikichelewa, meli inasubiri watu wake. Ukijitokea mwenyewe mtaani ndipo wanakuacha. Mama yule nilisikia alipelekwa hospitali bandari iliyofuata, na anatembea.

Muuguzi Lindi:
Mzee umefanya sawasawa kabisa. Sumu ya taa inadhoofishwa na joto: maji ya moto kadiri mgonjwa anavyoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu. Mkojo hausaidii, tafadhali acheni. Mwiba ukivunjikia ndani au ukiwa umeingia tumboni au kifuani usiung'oe, mpeleke hospitali hivyo hivyo. Na kwa kila mchomo wa taa, sindano ya pepopunda.

Ngongo Asilia:
Sisi Lindi tunapaka utomvu wa papai na mtu anapona.

Muuguzi Lindi:
Anapona kwa sababu maumivu yenyewe huisha kwa saa kadhaa, kaka yangu. Maji ya moto yanamuokoa na hizo saa.

Shangani Mtwara:
Na wanaotembea kwenye maji mafupi waburute miguu mchangani. Taa akihisi mchanga unatikisika anaondoka. Usinyanyue mguu ukakanyaga.

Ngongo Asilia:
Au usiingie majini kabisa, ukae Lindi mjini ule pweza.

Bint Kisiwani:
Naomba na mimi nisikilizwe, maana naona wote mmehamia kwenye mguu wa yule mama. Nampa pole. Ila hao akina mama waliomwaga chai yao, kuna mtu aliyewalipa hata kuni?

Sisi hapa Kisiwani tuliwahi kuambiwa meli inakuja. Mwongozaji akapiga simu: andaeni chakula, ngoma, mikeka. Tukakopa mchele na mafuta dukani. Tulisuka ukili usiku na mchana, tukakuna nazi, vijana wakaenda kutafuta pweza na ngisi, wazee wakafagia njia ya kwenda Msikiti Mkuu. Asubuhi tumejipanga na kanga zetu bora. Kusi, upepo wa kusini, ikavuma. Tukaiona meli ikikaa nje kidogo, kisha ikageuza ikaenda zake. Hakuna aliyetupigia simu. Wali wa watu wengi, tukala wenyewe na kugawa, na deni la duka tukabaki nalo sisi. Siilaumu kusi. Nahodha asipoona usalama wa kushusha boti, afanye nini? Namlaumu aliyekuwa na namba zetu za kutuagiza na akakosa namba hizo hizo za kutuarifu.

Salama Nachingwea:
Mzee, huyo kiongozi wa kampuni alichukuliwa hatua?

Bint Kisiwani:
Mnaona? Hata sijamaliza.

Mtoto wa Masoko:
Dada malizia. Wengine tulieni kidogo.

Bint Kisiwani:
Ninachotaka ni rahisi. Chakula kikiagizwa, nusu ilipwe mbele. Alfajiri ya siku hiyo mtu apige simu aseme meli inashusha au haishushi. Mgeni akifika aombe kabla ya kupiga picha ya mtu, maana hapa ni kijiji cha watu wanaoishi, wengi ni Waislamu, na kanga ya kujifunga kiunoni tunamuuzia au tunamuazima. Na muda wa kukaa na sisi uwemo kwenye ratiba. Hapa palitengenezwa sarafu za shaba zenye majina ya masultani, moja imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu, nyingine zilikutwa visiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Watu wanaoishi juu ya historia hiyo hawapati hata bei ya mkeka!

Binti Mikindani:
Nakuunga mkono dada. Kwenye meli wageni walikuwa wananiambia chumbani kitu walichopenda, na mara nyingi ni mtu waliyekutana naye. Wapangaji wanadhani ni mawe.

Mzee wa Kusi:
Mwanangu, walionichemshia maji hawakulipwa na kampuni. Yule mgonjwa na wenzake walichanga palepale ufukweni wakatoa, nami niliwapelekea mkononi. Lakini hiyo ilikuwa huruma, haikuwa malipo. Una haki.

Korosho Nyeupe:
Nusu mbele. Nakazia tena.

Shangani Mtwara:
Na pesa ipitie kwa kikundi cha akina mama wenyewe kwenye simu, isipitie kwa mwongozaji.

Mtoto wa Masoko:
Mimi ni mwongozaji na nakubali. Kesho naenda Kisiwani na mashua ya kwanza, Bint Kisiwani naomba nikukute na viongozi wa kikundi, tuandike bei ya chakula kwa mtu mmoja na masharti ya nusu mbele. Nitaipeleka kwa kila kampuni ninayofanya nayo kazi.

Bint Kisiwani:
Njoo kabla ya saa tatu, maji yanatoka mapema.